Projekta ya Kilo Sita

Hebu nikuulize kwanza, kabla hujakaa vizuri: wewe ukitaka kujua kama kitu ni bora au ni takataka, unakitazama, unakinusa, au unakinyanyua?

Usijibu haraka. Kuna mzee mmoja aliyekuwa akilijibu swali hilo kwa mikono yake miwili, na nusura jibu lake limharibie nyumba. Mzee huyo alifanya kazi miaka thelathini na mmoja kwenye mizani ya kupimia malori. Lori likitokea barabarani alikuwa anafumba jicho moja, anasema, "Huyu kazidisha," na mizani ikisomwa, kweli kazidisha. Alipostaafu walimzawadia saa ya ukutani. Akaipima mkononi, akasema, "Nyepesi. Haitamaliza mwaka." Haikumaliza. Tangu hapo hapakuwa na wa kumwambia kitu. Viatu, godoro, redio, sufuria, vyote alivinyanyua kwanza ndipo akatoa hukumu. Hata mchumba wa mpwa wake alipoletwa kutambulishwa, mzee alimshika mkono kwa muda mrefu kuliko kawaida, kisha akamnong'oneza mkewe, "Kijana mwepesi."

Mtaani wakamwita Mzee Mizani, naye akaona ni cheo.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Cherehani yenyewe ilikaa sebuleni chini ya dirisha, nyeusi, ya kukanyaga kwa miguu, chuma kitupu kuanzia gurudumu hadi sindano, na droo nne za mbao zilizojaa vifungo vilivyopangwa kwa rangi. Aliinunua mwenyewe kwa kushona sare za shule, sketi moja baada ya nyingine, na wanawe wote walisoma kwa mlio wake. Mama huyu hakuwa msemaji sana, na sababu si upole. Muda mwingi alikuwa na pini mdomoni.

Jirani yao, ukuta kwa ukuta, alikuwa Kinyozi. Huyu alikuwa amenunua projekta ndogo, saizi ya kopo la maziwa ya unga, na kila Jumamosi jioni aliielekeza ukutani kwake akaalika mtaa mzima kutazama filamu. Mtaa mzima, ila Mzee Mizani. Kisa ni kwamba siku ile projekta ilipoletwa, mzee aliinyanyua mbele ya wateja waliokuwa na povu mashavuni, akacheka hadi akakohoa, akasema, "Jirani, hili ni kopo la maziwa, tena mtoto kashakunywa nusu!" Kinyozi aliichukua mashine yake akaendelea kunyoa. Ila alipoanza kupita nyumba kwa nyumba akialika watu, nyumba ya mzee aliipita kama kiwanja kitupu.

Basi Jumamosi zikawa adhabu. Watu wanaangua kicheko upande wa pili, na Mzee Mizani amekaa kando ya ua na gazeti, shingo imerefuka.

"Wanacheka nini hawa?" anamuuliza mkewe.

"Nenda kaulize."

"Mimi? Niende kutazama kopo?"

Na shingo inarefuka tena.

Mambo yalikuwa hivyo hivyo, mpaka Jumanne moja asubuhi Mkoba alipoingia kunyolewa.

Huyu Mkoba ni lazima nimweleze taratibu. Jina lake halisi lilijulikana na watu wawili tu, mama yake mzazi na askari mmoja wa kituoni, na hata hao wawili hawakuwa na jina moja. Waliobaki walimwita Mkoba, kwa ajili ya mkoba wake wa ngozi ya kahawia wenye vifungo viwili vya shaba. Alipoufungua vililia tak, tak, kwa heshima kiasi kwamba aliyekuwa karibu alijikuta anakaa wima kama yuko mbele ya meneja. Kazi za jasho alikuwa amekatazwa na daktari, alisema mwenyewe. Huyo daktari hajapata kuonekana. Nywele zake alizilaza kwa mafuta ya waridi, na ukiketi naye dakika tano unatoka unanukia kama bibi harusi.

"Pembeni punguza," alimwambia Kinyozi, "juu usiguse. Juu ndipo ninapofikiria."

Mkasi ukaanza kuzungumza. Mkoba, ambaye macho yake hayakujua kupumzika, akatazama dirishani.

"Yule mzee pale kwa jirani, aliyeshika maboga mawili, anafanya nini?"

"Anapima. Usimtazame sana, atakupima na wewe."

"Hamwelewani?"

"Tulikuwa tunaelewana vizuri tu. Akaiita mashine yangu kopo." Kinyozi akaonyesha kwa kitana projekta iliyokuwa rafuni. "Mtaa mzima unakuja, yeye anajibanza uani na gazeti. Gazeti lenyewe la mwaka juzi."

"Si umwite tu?"

"Aombe radhi kwanza."

"Na kile cheusi kinachong'aa sebuleni kwake?"

"Cherehani ya mkewe. Zile za zamani. Mafundi mapazia wanazitafuta kwa tochi."

Mkoba akafumba macho kama mtu aliyeguswa na wimbo. Alimjua fundi mapazia mmoja upande wa pili wa mji aliyekuwa ameapa kumwachia pikipiki yake, na kofia ya kuendeshea juu yake, mtu yeyote atakayemletea cherehani kama ile. Chini ya kile kitambaa cha kinyozi, vidole vya Mkoba vilianza kuzungusha mpini wa mafuta wa pikipiki.

Tumpe haki yake: mvivu wa jasho hakuwa mvivu wa akili. Siku hiyo hiyo alikwenda sokoni akatafuta projekta ndogo, ndugu wa tumbo moja na ile ya Kinyozi, kutoka kibanda kile kile. Akapata na sanduku la chuma la amplifaya iliyokufa. Akalitoboa tundu la lenzi, akalipaka rangi nyeusi ya mng'ao, akalibandika herufi za dhahabu zisizounda neno la lugha yoyote, akaitumbukiza ile ndogo ndani. Akainyanyua. Akaiona bado nyepesi. Hapo ndipo akachukua nusu tofali, akalivika soksi lisije likagonga, akalifungia humo. Mfalme alikuwa amezaliwa.

Kesho yake alibisha hodi kwa Mzee Mizani.

"Mzee wangu, shikamoo. Sikuja kuuza. Nimekuja kuomba ushauri. Naambiwa mtaa huu kuna mtu anayejua uzito wa kitu."

"Marahaba. Nani kakuambia?"

"Nani hasemi!"

Tak, tak. Hapana, siyo mkobani. Mfalme hakuenea mkobani, alikuja kwa mkokoteni akiwa amefungwa blanketi. Mkoba aliufungua mkoba kwa ajili ya mlio tu. Kisha akaliondoa blanketi taratibu, akarudi nyuma hatua mbili.

Mzee Mizani akainama, akaishika chini kwa mikono miwili, akainyanyua hadi kifuani. Jicho moja likafumba.

"Kilo sita," akasema kwa sauti ya chini. "Na ushee."

"Ile ya jirani yako je?"

"Haifiki hata moja."

"Basi mimi sina la kuongeza, mzee wangu. Umesema wewe." Mkoba akashusha pumzi. "Hizi zinakuja chache mno. Huyu Mfalme ukimwasha, watu wa kule ng'ambo ya ukuta watahamia kwako na viti vyao. Na mimi sitaki hata fedha. Nina shangazi yangu mjane anataka kuanza kushona. Ningepata cherehani ya chuma, hata nzee, ningeondoka hapa nikilia kwa furaha."

Kutoka chini ya dirisha mguu uliokuwa ukikanyaga ukasimama.

Mama alitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kifuko chake. Zilikuwa saba. Mumewe alizihesabu kwa hofu.

"Baba watoto," akasema, "nimesikia neno cherehani."

"Mama watoto, hebu tulia. Tutakutafutia nyingine. Siku hizi kuna za umeme, ndogo, nyep..." Akakwama. Neno lenyewe lilimshinda kulitamka.

"Nyepesi," mkewe akammalizia. "Nina sare arobaini za watoto wa watu hapa, na shule inafungua wiki ijayo. Nitazishona kwa meno?"

"Shemeji," Mkoba akadakia, sauti imepakwa sukari, "una haki kabisa. Mtu asiuziwe maneno. Tulinganishe! Kesho alasiri, hapa hapa, Mfalme wangu na kopo la jirani. Video moja, chumba kimoja, vitambaa viwili vyeupe vilivyokatwa kwenye jora moja. Macho yenyewe yaamue."

Mama akamtazama kuanzia viatu hadi mafuta.

"Sawa," akasema. "Nikiona kwa macho yangu kwamba hiyo kubwa inashinda, cherehani ichukueni, sitasema neno. Isiposhinda, haitoki hapa."

"Isiposhinda!" Mkoba akacheka, akaupiga mkoba kofi. "Mfalme akishindwa na kopo mbele yenu, namwacha hapa hapa bure, na vitambaa vyake, natoka na mkoba wangu mkononi. Andikeni!"

Maneno ya aina hii alikuwa ameyasema katika nyumba nyingi, kwa bidhaa nyingine, na kila mahali watu walicheka tu. Lakini mtu aliyekaa mizani miaka thelathini na mmoja hapitishi kitu bila karatasi. Mzee Mizani alichana ukurasa, akaandika yote kwa mwandiko wa ofisini, tarehe juu, mstari chini, akamsogezea. Mkoba akaweka sahihi. Mkono ulisita kidogo, kwa sababu ya kuchagua jina.

Alhamisi saa tisa alasiri wote walikuwapo. Kinyozi alikubali kuleta mashine yake. Aliposikia itapimwa na nyingine, kiburi kilimpanda. "Ije," alisema, "tuone aliyekunywa maziwa." Mkoba akajitolea kuibeba mwenyewe, kwa adabu, na njiani akapitisha kidole gumba kwenye nywele zake, kisha kwenye lenzi ya kopo. Mara moja tu, kwa upole. Halafu akatundika vitambaa vyake viwili ukutani, kimoja kushoto kwa ajili ya Mfalme, kimoja kulia kwa ajili ya kopo, akapanga mashine mezani. Kwa macho ya wanaume wale, kitambaa cheupe ni kitambaa cheupe.

Tatizo lilikuwa jua. Sebule ilijaa mwanga kama sahani, na picha ya projekta yoyote, iwe ya maskini au ya tajiri, haitaki jua. Ikabidi madirisha yafunikwe kwa mablanketi kutoka nje.

"Wote tutoke," akaamuru Mkoba. "Mzee shika hapa, jirani panda kigoda. Kushoto! Juu! Hapo panavuja mwanga!"

Mama akabaki peke yake ndani.

Ninavyokwambia, hakuwa na nia yoyote. Alitazama tu vitambaa ukutani, akaona vimekunjamana, na fundi cherehani hawezi kukaa chumba kimoja na kitambaa kilichokunjamana. Akavitungua. Akapasha pasi.

Cha kwanza, cha Mfalme, pasi iliteleza juu yake yenyewe. Akakishika pembeni kwa vidole viwili. Satini, nzito, ya gauni la harusi. Cha pili alipokigusa tu, uso ukabadilika. Akaingiza mkono nyuma yake, akahesabu vidole vyake vitano waziwazi.

"Bitana," akaiambia pasi. "Jora moja, anasema. Na hii ni bitana ya kuweka ndani ya koti."

Maana kitambaa chepesi namna ile hakirudishi mwanga; mwanga unakipita, unakwenda zake ukutani, picha inabaki mzuka. Mama hakujua habari za projekta, lakini habari za mwanga na kitambaa alizijua tangu ujana. Akasogea mezani. Akainama kwenye lenzi ya kopo. Kulikuwa na utando unaong'aa kama kioo cha dirisha la jikoni. Akanusa.

Waridi.

Akaketi. Kelele angeweza kupiga, lakini alimjua mumewe: mdomo wa Mkoba ulikuwa na kilo sita, wake yeye ulikuwa wa kila siku. Nje walikuwa bado wanagombana na blanketi. Akaiangalia cherehani yake, zile sare arobaini zimekunjwa juu yake, akasimama.

Satini akaitundika kulia, upande wa kopo. Bitana akaitundika kushoto, upande wa Mfalme. Kisha akachukua kitambaa laini cha kufutia miwani, akaifuta lenzi ya kopo mpaka ikacheka. Na kwa kuwa hakutaka kupendelea, akakichukua kitambaa kile kile, chenye mafuta yale yale, akamfuta na Mfalme jicho, duara baada ya duara, kama anavyopakwa mtoto anayekwenda shule.

Wanaume walipoingia alikuwa amekaa, pini mdomoni.

"Tuanze na huyu mnyonge," Mkoba akasema. Mtu wa jukwaa hukipa kitambaa mgongo na watu uso, ndivyo alivyofanya. Akaliwasha kopo huku akiwatazama wao. "Msimcheke. Bei yake ndogo, na nguvu zake ni hizo. Tazameni huyo kasuku! Kasuku mwekundu, lakini kwa mashine hii amepauka kama shati lililosahaulika juani."

Nyuma yake, juu ya satini, kasuku aliwaka kama jiko. Manyoya yake yangeweza kuhesabiwa.

Midomo ya watazamaji ilikuwa wazi. Mkoba akaona ni huruma.

"Naelewa. Inasikitisha. Na sasa anakuja paka mweusi juu ya paa, usiku. Hapa ndipo mashine za bei chee huumbuka, kwa sababu hazina weusi, zina kijivu. Paka hamumwoni, mnaona jivu."

"Namwona hadi ndevu," akasema Kinyozi.

"Hayo ni mapenzi ya mwenye mali, ndugu yangu. Mtoto wako hakosi kuwa mzuri." Akamwegemea Mfalme, akabonyeza. "Sasa. Fungueni macho."

Kimya kirefu. Mkoba alikifurahia. Alikuwa akikipenda sana kimya hicho, kwa kawaida ndicho kilichotangulia chai.

"Mmekosa maneno, eh?"

"Yuko wapi?" akauliza Mzee Mizani.

"Nani?"

"Paka."

Mkoba akageuka.

Kulia, paka mweusi anayemetameta alikuwa akilamba mguu. Kushoto kulikuwa na kitu kama moshi wa kuni mbichi, na ndani ya moshi huo, pengine, kulikuwa na paa.

Watu wa kazi yake hawapigi mayowe. Wanameza mate, basi.

"Mnaona?" akasema. "Mnaona kile... kile kina? Picha ya bei kubwa haijianiki ovyo, wazee wangu. Inajisitiri. Jicho lisilozoea linaona ukungu. Jicho la mtu mzima linaona kina."

Kinyozi akapasuka kicheko. Mzee Mizani hakucheka. Alikuwa amemshika Mfalme kiunoni, anamnyanyua kidogo, anamshusha, anamnyanyua. Kilo sita zilikuwa zikimwambia jambo moja, macho jambo lingine, na jirani yake alikuwa anacheka.

"Kina kipo," akasema taratibu. "Nakiona. Kipo."

Mama akasikia moyo unadondoka hadi kwenye kanyagio. Nje, mwenye mkokoteni alikuwa amekaa anasubiri cherehani. Akatoa pini.

"Baba watoto, hebu ngoja. Kasuku anarudi tena. Chini yake wameandika uzito wake. Nisomee."

Mzee akavaa miwani. Uzito ulikuwa ni mambo yake.

"Kwa kopo... gramu mia tisa themanini."

"Na kwa Mfalme?"

Akasogea. Akarudi nyuma. Akakunja jicho moja, akakunja la pili.

"Mia... sita? Au mia tisa. Themanini au hamsini..."

"Ni mia tisa themanini, mzee," Mkoba akamnong'oneza.

"Nyamaza, bwana!" Mzee alinguruma mpaka Mkoba akaruka. "Usinisomee! Miaka thelathini na mmoja sijasomewa namba na mwenye gari!" Akavua miwani, akaifuta, akavaa, akatazama tena. Alitaka mno kuiona ile namba. Lakini kuna uongo ambao hata mtu mwenye wivu hauwezi. "Haisomeki," akasema mwisho, na mabega yakashuka. "Kazini kwetu namba isiposomeka, gari halipiti. Mashine hii haipiti."

"Haiwezekani!" Mkoba akaruka kwenye lenzi, akaigusa. Kidole kikateleza. Akakileta puani.

Waridi.

Akainua macho, akakutana na ya mama. Mama alikuwa anachomeka uzi kwenye tundu la sindano, bila haraka.

"Kuna nini, shemeji?" akauliza. "Kuna mafuta? Mafuta yamefikaje kwenye mashine ya watu?"

Mkoba akanyoosha kidole ukutani.

"Vitambaa," akasema. "Tubadilishe vitambaa. Cha kulia kije kushoto."

"Kwa nini? Si jora moja?"

"Ni... ni jora moja."

"Basi tukibadilisha si itakuwa ni ile ile?"

Kinyozi alikuwa ameshafika kwenye meza, ameshika ile karatasi yenye tarehe juu na mstari chini. "Hapa imeandikwa," akasoma kwa raha, "'namwacha hapa hapa bure, na vitambaa vyake.' Sahihi hii ni yako, au nimwite askari wa kituoni atusaidie kuisoma?"

Aliposikia kituo, Mkoba alikumbuka ghafla kwamba shangazi yake mjane anaumwa. Aliaga kwa adabu zote, hilo nalisema kwa haki. Alimwita mzee "mzee wangu" na mama "shemeji" hadi mlangoni. Tak, tak, mkoba ukafungwa.

"Mzigo uko wapi?" akauliza mwenye mkokoteni.

Mkoba akapanda, akakaa katikati, mkoba mapajani.

"Mzigo ni mimi," akasema. "Twende."

Ndani, mama alifunua mablanketi, na jua lilipoingia akaeleza yote, kuanzia pasi hadi waridi. Mzee Mizani alisikiliza bila kukatiza, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea. Kinyozi akaleta bisibisi. Wakamfungua Mfalme. Ndani akatoka kopo, pacha kabisa wa lile la Kinyozi, hadi mkwaruzo wa kiwandani. Kisha ikatoka soksi.

Mzee akaitoa nusu tofali, akaiweka kiganjani. Jicho lilifumba lenyewe, kwa mazoea.

"Kilo moja na nusu," akasema kwa unyonge, na akaiweka chini kama mtu anayeuweka uzee wake.

"Tofali zuri lakini," akasema Kinyozi.

"Zuri."

Mama aligeuka dirishani kwa haraka, mabega yanatikisika, akaanza kukanyaga cherehani ili mlio wake ufunike kicheko. Sare ya kwanza ikaanza kutembea chini ya sindano.

Kinyozi akakunja waya wake, akakumbatia kopo lake kwapani. "Haya, jirani. Sasa na wewe unayo, tena bure, sawa sawa na yangu. Jumamosi wewe tazama kwako, mimi nitazame kwangu. Yameisha." Akaelekea mlangoni.

Mzee Mizani alibaki na projekta yake mikononi. Ilikuwa nyepesi kuliko alivyokumbuka.

"Waya wake mfupi huu," akasema.

"Nunua mrefu," akajibu Kinyozi, mguu mmoja nje.

"Na feni yake inapiga kelele."

"Hata yangu."

"Na ukuta wangu una rangi ya kijani."

"Si una satini ya harusi hapo?"

Cherehani ikanyamaza. Mama hakugeuka. "Baba watoto," akasema akiwa ameikabili sindano, "mtu anaondoka huyo."

Mzee akaiweka ile mashine mezani, pole pole, akapangusa mikono kwenye suruali ingawa haikuwa na vumbi. Akatazama sakafu, akatazama dari, kisha akamtazama jirani yake usoni kwa mara ya kwanza tangu siku ya povu.

"Nisamehe kwa lile neno la maziwa," akasema. "Mimi sikutaka mashine, jirani. Nilitaka unialike."